Habari za Mparachichi, Mti Mgeni Katika Bustani za Njombe na Makambako

Leo twataka kueleza habari za mti mmoja ambao katika nchi ya Njombe umekuwa mazungumzo ya kila baraza, nao ni mparachichi. Njiani, sokoni, na hata nje ya kanisa baada ya ibada, watu huulizana: Umepanda miche mingapi? Umeipata wapi? Je, imeanza kuzaa? Na mara nyingi hufuata swali la nne, nalo ni zito kuliko hayo matatu: Je, nifyeke shamba langu la mahindi nipande mti huu?

Sisi walimu huulizwa swali hilo na wazazi wa watoto tunaowafundisha. Haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Anayetaka kulijibu yampasa kwanza ajue mti huu umetoka wapi, umepita mikononi mwa nani, na mazao mengine ya kigeni yaliyoingia katika nchi hii yaliwatendea nini wenyeji. Kwa hiyo mazungumzo yetu ni ya historia, lakini ni historia inayofika mpaka mlangoni mwa nyumba.

MAZAO YALIYOTANGULIA

Watu wengi hudhani kwamba mmea wa kigeni ni jambo la siku hizi tu. Sivyo. Tazama chakula kinachowekwa mbele ya mtu wa Njombe jioni: ugali wa mahindi, maharage, na pengine viazi mviringo. Vyote vitatu asili yake si Afrika. Mahindi yalianza kulimwa Mexico maelfu ya miaka iliyopita. Maharage nayo yatoka Amerika. Viazi mviringo vyatoka katika milima mirefu ya Peru na nchi zilizo jirani nayo. Vilivuka bahari katika vyombo vya Wahispania na Wareno baada ya mwaka 1492, Columbus alipofika Amerika. Hata jina la mahindi laonyesha kwamba wazee wa pwani walijua kuwa ni kitu kilichotoka ng'ambo, wakakitaja kwa jina la Uhindi, ijapokuwa hakikutoka huko.

Kabla mahindi hayajaenea, nafaka kubwa ya Wabena na jirani zao ilikuwa ulezi. Matunda waliyokula yalikuwa ya porini: makusu na masada, ambayo watoto huyaokota hata leo. Kupanda mti wa matunda karibu na nyumba, kuupalilia na kuungoja miaka, halikuwa jambo la lazima, maana pori lilizaa lenyewe bila kuombwa.

Miti ya matunda ya kupandwa ilikuja katika nyanda hizi pamoja na wageni. Wamisionari wa Misheni ya Berlin walifika kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka 1891, kisha wakapanda milimani mpaka Ukinga na Ubena. Kabla karne ya 19 haijaisha walikuwa wamejenga vituo Kidugala, Yakobi na Lupembe. Walikuwa mbali sana na bandari, na mzigo wote ulikuja kwa vichwa vya wapagazi. Kwa hiyo ilikuwa hapana budi kila kituo kiwe na bustani yake. Viazi mviringo, ngano, mboga na matunda ya nchi za baridi viliingia kwa njia hiyo: kwanza katika bustani ya misheni, kisha kwa wanafunzi na wafanya kazi wa misheni, kisha kwa jirani zao.

Wageni hao hao walikuja wakati wa utawala wa Wajerumani, na utawala huo ulikuwa mkali. Vita vya Maji Maji vilipofika Ubena mwaka 1905, watu wa Mtwa Mbeyela walikishambulia kituo cha Yakobi. Vita vilidumu hata 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi katika nchi za kusini. Lakini twaona jambo la kufikiri hapa. Watu walipambana na utawala wa Wajerumani, lakini kiazi hawakukikataa. Walijua kutenganisha kitu na mkono uliokileta. Walikipima kiazi kwa kuuliza kama kinaota, kama watoto wanakila, na kama kinakaa ghalani. Kilipofaulu wakakifanya chao, hata leo mtu wa Njombe akiwa safarini hujivunia viazi vya kwao kama kwamba vilizaliwa huko.

ASILI YA MPARACHICHI

Mparachichi nao watoka upande ule ule wa dunia yalikotoka mahindi, yaani Mexico na nchi za Amerika ya Kati. Watu wa huko wamekula tunda lake kwa maelfu ya miaka. Waazteki waliliita ahuacatl, na Wahispania waliposhindwa kulitamka vizuri wakaligeuza kuwa aguacate. Mhispania mmoja, Martín Fernández de Enciso, aliliandika katika kitabu chake cha habari za dunia mwaka 1519. Huku kwetu majina ni mengi pia: wengi husema parachichi, wengine pea, na wengine embe mafuta, maana nyama yake ina mafuta kuliko tunda lingine lolote tulilozoea.

Pengine msomaji atauliza: Ikiwa mahindi na mparachichi vimetoka nchi moja, mbona mahindi yalifika kwetu zamani sana na mparachichi ukachelewa? Sababu imo katika mbegu. Punje ya mahindi hukauka, ikatiwa katika gunia, ikasafiri mwaka mzima, na ikipandwa ikaota. Kokwa la parachichi haliwezi hayo. Likikauka, limekufa. Lahitaji kupandwa likiwa bado bichi, na zamani safari ya merikebu kutoka Amerika ilikuwa ndefu kupita maisha ya kokwa. Kwa hiyo mti huu ulienea polepole, kutoka kisiwa hata kisiwa na bustani hata bustani, na ulisafiri zaidi katika makopo ya udongo kuliko katika magunia.

Katika Tanganyika, Wajerumani walifungua kituo cha kuchunguza mimea huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Miti ya kigeni ya kila namna ilijaribiwa huko. Bustani za misheni nazo zilifanya kazi hiyo kwa kadiri yake. Mparachichi ulipata makao mema hasa Kilimanjaro, katika vihamba vya Wachaga, na Rungwe, katika migomba ya Wanyakyusa. Huko ulikua mrefu, ukawa kivuli cha kahawa na migomba, ukazaa matunda mengi kuliko watu walivyoweza kula. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyelihesabu kuwa mali. Watoto waliliokota, mengine yakaozea chini ya mti, na lililobaki likaenda sokoni kwa bei ya kutupa.

Njombe mti huo ulikuwa nadra kuliko Rungwe. Mji wa Njombe u karibu mita 2,000 juu ya bahari, na mwezi wa Juni na Julai jalidi, yaani umande ulioganda, hulala mabondeni usiku ukachoma majani machanga kama moto. Miche mingi iliyopandwa na makokwa yaliyotupwa ovyo ilikufa kabla haijafika goti la mtu. Basi wengine wakaamini kwamba nchi hii imeukataa mti huo. Twaona sasa kwamba nchi haikuukataa. Ilikuwa ni aina ya mti, na mahali pa kuupanda.

MIPARACHICHI HAIFANANI

Hapa twaomba wanafunzi wasikilize sana, maana jambo hili ndilo lililogeuza habari yote.

Miparachichi ina makabila matatu makubwa. Moja latoka nchi za joto zilizo chini, karibu na bahari, nalo halivumilii baridi hata kidogo. La pili latoka katika milima ya Guatemala, na matunda yake yana ganda nene. La tatu latoka katika nyanda za juu za Mexico, nalo ndilo linalostahimili baridi kuliko yote. Mtu aliyechukua kokwa la tunda la pwani akalipanda Njombe alikuwa amemwita mgeni wa joto alale nje wakati wa jalidi.

Tena kokwa la parachichi halizai tunda lililo sawasawa na mama yake. Panda makokwa 10 ya tunda moja tamu, nawe utapata miti 10 isiyofanana: mmoja utazaa matunda makubwa yenye maji, mmoja madogo yenye nyuzi, mmoja hautazaa kabisa kwa miaka mingi. Ni kama watoto wa nyumba moja, kila mmoja ana tabia yake. Ikiwa mtu amepata mti mmoja bora na ataka mingine iliyo sawa nao kabisa, hana njia ila kuchukua sehemu ya mti wenyewe na kuiunga juu ya shina la mwingine. Kazi hiyo wakulima wetu huiita kubebesha, na jina hilo lafaa kabisa, maana mti mmoja wabebeshwa mwingine kama mtoto mgongoni.

Mwaka 1911 kijana mmoja aitwaye Carl Schmidt alitumwa kutoka California kwenda Mexico kutafuta miparachichi bora. Katika bustani moja ya Atlixco alikata vijiti vya mti mmoja akavipeleka kwao, vikabebeshwa juu ya mashina mengine. Mwaka 1913 baridi kali sana ilishuka California, na miche mingi iliyoletwa ikafa, lakini ile ya Atlixco ikabaki. Wakauita mti huo Fuerte, neno la Kihispania lenye maana ya mwenye nguvu.

Katika miaka ya 1920 alikuwako huko huko California mtu mmoja wa posta, kazi yake kupeleka barua, jina lake Rudolph Hass. Alinunua kipande kidogo cha shamba, akapanda makokwa, kisha akajaribu kubebesha juu yake vijiti vya Fuerte. Mche mmoja ulikataa kila alipojaribu. Alitaka kuukata, lakini akaushauriwa auache, naye akauacha. Mche huo ulipozaa, matunda yake yalikuwa na ngozi ya mikwaruzo iliyogeuka nyeusi kwa kuiva, na watoto wake waliyapenda kuliko mengine. Mwaka 1935 Bwana Hass alipata hati ya serikali ya kuwa na haki ya mti huo. Hata hivyo watu walinunua mche mmoja, wakabebesha mingine wenyewe, na inasemekana hati yake haikumpatia zaidi ya dola 5,000 maisha yake yote. Alifariki mwaka 1952. Mti wake wa kwanza ulioza mizizi ukakatwa mwaka 2002. Lakini kila mti wa Hass ulio duniani leo, pamoja na ile iliyo Njombe, ni kijiti kilichotokana na mti ule mmoja uliokuwa ukatwe.

Kwa nini Hass ikashinda nyingine? Si kwa utamu peke yake. Ganda lake ni nene, kwa hiyo husafiri majuma katika meli bila kupondeka. Tena ganda likigeuka jeusi, mnunuzi ajua bila kulikata kwamba limeiva. Matunda yetu ya zamani yenye ganda jembamba ni matamu, lakini hayawezi safari ile.

NJOMBE NA MAKAMBAKO ZAFIKIWA

Mazao ya kuuza nje hayakuanza na parachichi katika nchi hii. Pareto ililimwa katika milima ya Njombe na Makete tangu nyakati za Waingereza, na maua yake yakauzwa ng'ambo kwa dawa ya kuua wadudu. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni ya miwati, mti wa asili ya Australia ambao ganda lake hutoa dawa ya kulainisha ngozi za viatu; watu wa Njombe wakapanda miwati yao wenyewe, wakauza magome. Chai ikashika Lupembe na Luponde. Kila zao lilileta fedha, nyumba za bati na ada za shule. Lakini pareto ya nchi yetu, iliyostawi katika miaka ya 1960, ilianguka baadaye, na magome ya miwati nayo yalipungukiwa na soko viwanda vilipopata dawa nyingine. Aliyekuwa na muwati aliukata akachoma mkaa. Aliyekuwa na pareto aling'oa, akarudi kwenye viazi. Mtu aliyekuwa amebakiza shamba la chakula aliumia kidogo. Aliyepanda zao moja tu mpaka ukutani mwa nyumba aliumia sana. Twaomba wasomaji walishike neno hilo, tutalirudia.

Mambo yaliyofanya parachichi liwe mali yalikuwa mawili: njia na mnunuzi. Njia ilifika kwanza. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo ikapita Makambako, mahali palipokuwa kijiji cha njia panda, pakawa mji. Katika miaka ya 1980 barabara ya lami kutoka Makambako kwenda Songea ikapita Njombe. Tangu hapo gari lililopakia Njombe asubuhi lafika Makambako baada ya kilometa 60 hivi, na pale dereva achagua: kushoto Mbeya na Zambia, kulia Iringa na Dar es Salaam. Mwaka 2012 Njombe ikafanywa mkoa wake wenyewe.

Mnunuzi alikuja baadaye. Katika miaka ya 2000 kampuni za kununua na kusafirisha Hass zilianza kazi Siha, upande wa Kilimanjaro, na Rungwe. Habari ikapanda milima. Katika miaka ya 2010 vitalu vya miche vilienea Njombe kama uyoga baada ya mvua, na mwezi wa Novemba 2022 Tanzania na China zikatia sahihi mapatano ya kupeleka parachichi bichi huko. Tunda lililookotwa na watoto likaanza kupimwa kwa kilo.

KUMPOKEA MGENI

Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mmea wa kigeni nao hauishi kwa kutazamwa. Lazima ujulikane tabia yake, upewe kazi. Twataja machache yanayofaa kwa bustani ya nyumbani.

Kwanza ni mahali. Watu wa Njombe na Iringa wanajua sana kulima vinyungu, bustani za mabondeni zilizo na maji wakati wa kiangazi. Kabichi, mahindi mabichi na maharage hustawi huko. Basi wengi hudhani kwamba palipo na rutuba na maji, mparachichi utastawi zaidi. La! Bondeni ndiko jalidi hulala, maana hewa ya baridi hutiririka usiku kama maji. Na mizizi ya mparachichi ikikaa katika maji huingiwa na kuvu, ikaoza, majani yakawa ya njano na madogo, kisha mti wakauka ukianzia juu. Ni ugonjwa ule ule uliomaliza mti wa Bwana Hass. Panda mteremkoni, katikati ya kilima, udongo unaopitisha maji. Huko Makambako baridi ni nafuu kidogo, lakini upepo ni mkali na mvua ni chache kuliko Njombe. Huko panda mstari wa miti ya kukinga upepo, nawe uwe tayari kuchota maji wakati wa kiangazi.

Pili ni mche. Chukua uliobebeshwa, tena kutoka kwa mtu unayemjua, ambaye mti wake mama waweza kuuona. Tazama mahali palipoungwa: pawe pamefungana vizuri, pasiwe na ufa. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa 3 au wa 4. Wa kokwa waweza kukungojesha miaka 7 na zaidi, na bado hujui utazaa nini. Lakini usiudharau mparachichi wa kienyeji: kokwa lake ndilo litoalo shina la kubebeshea. Mwenye mikono mizuri aweza kujifunza kazi hiyo. Shina likinenepa kama kalamu hukatwa, likapasuliwa katikati; kikonyo cha mti bora huchongwa kama kabari, kikachomekwa, kikafungwa kwa utepe wa plastiki. Baada ya majuma machache vyote viwili huwa mti mmoja, mizizi ya mwenyeji na tunda la mgeni.

Tatu ni shimo. Futi 2 kwenda chini na futi 2 kila upande latosha. Tenga udongo wa juu, uuchanganye na samadi iliyooza, uurudishe. Panda mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, ili mche upate miezi ya kukua kabla baridi ya Juni haijafika. Pale palipoungwa pabaki juu ya udongo. Acha mita 7 hivi kati ya mti na mti. Tandaza nyasi kuzunguka shina, ila zisiliguse. Miaka miwili ya kwanza, jalidi inapokaribia, funika mche kwa kibanda cha nyasi au cha mianzi.

Nne ni maua. Ua la mparachichi lina tabia ya ajabu. Hufunguka mara mbili: mara ya kwanza likiwa la kike, kisha hufungika, na mara ya pili likiwa la kiume. Aina nyingine, kama Hass, huwa za kike asubuhi. Nyingine, kama Fuerte, huwa za kike alasiri. Basi mwenye miti ya Hass akipanda Fuerte mmoja kati yake, chavua ya mmoja hupatikana wakati mwingine anapoihitaji. Nyuki ndio wachukuzi. Mzinga mmoja karibu na bustani wafaa kuliko mbolea nyingi, na anayepulizia dawa ya wadudu wakati wa maua ajiulie mavuno yake mwenyewe.

Tano ni kuvuna. Parachichi haliivi juu ya mti. Hukomaa mtini, kisha huiva baada ya kuchumwa. Katika baridi yetu hukaa mtini miezi mingi, pengine 9 na zaidi tangu ua. Anayechuma kabla halijakomaa, kwa kuwa mnunuzi amekuja na fedha mkononi, hupeleka tunda litakalosinyaa na kuwa kama mpira. Mlaji wa mbali hamjui mchumaji, lakini ajua jina lililo juu ya boksi, na jina hilo ni la nchi nzima. Haraka ya mtu mmoja huwapunguzia bei wote.

TUNDA HILI NI LA NANI?

Sasa twarudi kwenye swali la nne. Mtu ana eka 2. Zinalisha watu 7. Je, afyeke mahindi apande Hass?

Kabla hatujajibu, twaomba asikie hesabu moja. Njombe ni nchi ya chakula. Magari ya viazi na mahindi huondoka huko kila siku kwenda kulisha miji. Lakini upimaji wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe karibu nusu ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Mikoa iliyo mibaya kwa jambo hilo ilikuwa ni hii yetu yenye ghala zilizojaa: Iringa, Njombe na Rukwa. Sababu zake ni nyingi: maradhi, maji machafu, mama mwenye kazi nyingi kupita nguvu zake, na mtoto anayeachiwa uji mtupu kutwa. Kushiba ugali ni jambo moja, na kulishwa vema ni jambo jingine.

Sisi walimu twawaona watoto hao darasani. Hawana uvivu, miili yao na akili zao zilinyimwa walipokuwa wadogo sana. Na katika nyumba nyingine twaona boksi za parachichi zikipangwa tayari kwa safari ya ng'ambo, na mtoto wa nyumba hiyo hajaonja hata moja, kwa kuwa ameambiwa kwamba lile ni tunda la kuuza. Parachichi lina mafuta mema mengi, na mtoto aliyeanza kula aweza kupondewa kipande katika uji wake bila gharama yoyote. Halimponyi kila kitu, maana yampasa pia maharage, maziwa, yai na mboga. Lakini katika chakula kisicho na mafuta ni msaada mkubwa.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Miti ya kwanza, miwili au mitatu, ipandwe karibu na jiko, na iwe ya nyumba. Mmoja wao uwe wa aina ya kienyeji iliyo tamu au Fuerte, ambayo mnunuzi hataki sana, ili pasiwe na tamaa ya kuuuza wote. Hapo mama na watoto watajifunza tabia ya mti kwa kuuona kila siku, na maji ya kuoshea mboga yatautosha wakati wa kiangazi. Ikistawi, basi fungu moja la shamba lipandwe Hass ya kuuza, na katika miaka ya kwanza maharage na viazi vilimwe kati ya mistari, maana miche haijafunga kivuli. Fungu kubwa la mahindi libaki mpaka miti imeonyesha inazaa nini na mnunuzi ameonyesha analipa nini, si kwa mwaka mmoja, bali kwa miaka kadhaa. Waliolima pareto walijua bei nzuri. Wakajua pia siku mnunuzi asipokuja.

Tena neno moja kwa wazee wa nyumba. Mti huu hukaa miaka 30 na 40, kwa hiyo kuupanda ni kuamua habari za ardhi ya watoto. Asiyekuwapo kwenye shauri hawezi kuutunza kwa moyo. Mwiteni mama wa nyumba, maana ndiye anayejua debe ngapi za mahindi huliwa kwa mwaka. Waiteni vijana, maana ndio watakaopanda ngazi na kuchuma. Andikeni mpaka wa shamba na majina ya wenye haki, ili mti uliopandwa kwa ajili ya wote usije ukawa kesi ya ndugu barazani.

Kiazi kilikuwa mgeni, kikawa mwenyeji kwa kuwa kiliingia chunguni kabla hakijaingia sokoni. Mparachichi nao unaweza kupita njia hiyo hiyo, kama sisi wenyewe hatuupitishi nyuma ya nyumba moja kwa moja mpaka garini. Mvua za Novemba zinapokaribia, chimbeni shimo moja karibu na jiko, mkaanze hapo.